Tulichangia akaunti moja ya filamu watatu, Mbarara. Mmoja akapotea, profaili yake ikaendelea kuangalia

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbarara, Uganda. Maji yamekatika hosteli, leo siku ya pili, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Juzi mwanachuo mmoja aliuliza humu namna ya kuangalia series kwa bei ya mwanafunzi. Nilianza kumjibu kule kule kwenye uzi wake. Jibu likawa refu, nikaona nisimharibie.

Haya ni yaliyonikuta mimi. Sijaongeza kitu. Sehemu nyingine nimepunguza, maana mhusika mkuu yuko hai na ana simu.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Sasa niko mwaka wa tatu hapa Mbarara, nasomea ualimu, Geography na History. Nimejitahidi kuandika Kiswahili chenu. Pale nitakapoteleza mjue ni Kivu inatoka.

Twende.

Kwa aliyeuliza: nimepita njia zote za bei nafuu. Nilianza na ukumbi wa video Kashojwa, mabenchi na spika moja. Nilipofika chuo nikawa najaziwa flash kwa jamaa mmoja mjini, unampa orodha asubuhi, jioni unachukua. Shida ya yule jamaa, ukimwomba episode kumi anakupa tisa, na ile inayokosekana huwa ya mwisho.

Nikajaribu wifi ya hosteli. Wifi ya hosteli ipo. Nitaishia hapo.

Mwaka wa pili nikapangiwa chumba kimoja na watu wawili.

Wa kwanza ni Tumwine, Munyankore wa Isingiro, anasoma Business. Kiswahili chake alikipata kwa baba yake ambaye alikuwa askari, kwa hiyo hata akikukaribisha chai unahisi umekamatwa.

Wa pili ni Bahati. Bahati tumetoka naye Kashojwa, tumesoma naye primary na sekondari, kwao na kwetu ni nyumba nne katikati. Alikuwa anasomea maabara. Yeye ndiye aliyekuwa na akili, mimi nilikuwa na mwandiko.

Tumwine ndiye aliyeleta wazo la kufungua akaunti kwenye app ya filamu na kuchangia watatu. Mpango wa bei ya chini uliruhusu screen mbili kwa wakati mmoja. Watu watatu, screen mbili. Tumwine akachora ratiba, akaibandika mlangoni, kila mtu na saa zake. Kila mmoja akawa na profaili yake yenye jina lake.

Mimi niliangalia mambo ya polisi. Tumwine aliangalia watu wanaopika keki, na hataki ijulikane. Bahati alikuwa na series moja ya wafalme wa Korea, ndefu, maandishi ya chini ameweka Kifaransa kwa sababu alianza shule kwa Kifaransa.

Muhula mzima hatukugombana. Kwa hiyo mwanachuo uliyeuliza, jibu lako ni hilo: changieni, wekeni ratiba. Unaweza kuishia hapa.

Kwa wengine.

Wiki ambayo matokeo ya muhula yalitoka, Bahati aliamka Jumatatu akafua mashuka yake. Akafagia chumba, hata chini ya kitanda changu. Akachukua begi dogo akasema anaenda Nakivale, kuna uhakiki wa majina ya familia, atarudi Alhamisi.

Alhamisi hakurudi. Simu yake haikupatikana.

Sikushtuka. Nakivale network inaweza kwenda na isiage. Nikangoja hadi Jumatatu nyingine ndipo nikampigia mama yake.

Nikamuuliza: "Mama, Bahati ashafika?"

Akasema: "Afike wapi?"

Wakuu, kuna maswali ukishayauliza huwezi kuyarudisha mdomoni. Mama Bahati alijua mtoto yuko Mbarara. Mimi nilijua yuko Kashojwa. Ndani ya sekunde hiyo tukajua wote wawili kwamba hayuko popote.

Lazima niwaeleze huyu mama. Anauza ndagala katika soko la Kashojwa, wale samaki wadogo wakavu. Ana watoto wawili, Amani na Bahati. Amani ni mkubwa. Walipokuwa bado Kivu, Amani alitoka kwenda kutafuta chumvi, na vita vikapita katikati. Hajaonekana hadi leo.

Walipofika Nakivale mama alisisitiza jina la Amani liandikwe kwenye karatasi ya familia. Kila uhakiki karani anauliza, huyu yuko wapi. Kila mara mama anajibu, "Anakuya."

Huyo ndiye mtu niliyempigia simu.

Kesho yake alikuwa hosteli kwetu. Alikaa kwenye kitanda cha Bahati, mkoba kwenye magoti, akatazama yale mashuka yaliyofuliwa.

"Wewe ni mutoto wangu pia," akaniambia. "Uko unanificha kitu?"

"Hapana mama. Sijui kitu."

"Mimi nilishazoea kungoya mutu mumoja. Babili siwezi."

Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Tukaenda polisi. Afande akaandika jina, akauliza umri, akaweka kalamu chini. "Hiyo iko mtu mkubwa. Pengine iko na bibi mahali. Nyinyi ngoja." Mama akamshukuru. Nikamsindikiza hadi kwenye gari la kurudi.

Kisha nikaenda idara ya kina Bahati. Matokeo yao yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili, bila majina. Namba ya Bahati niliijua kwa sababu aliiandika kwenye beseni lake kwa rangi ya kucha ili lisiibwe.

Masomo matatu alikuwa ameanguka. Pembeni ya namba yake waliandika arudie mwaka.

Nikasimama pale ubaoni kama vile matokeo ni yangu. Huyu mtu siku ya kuja chuo kanisa zima lilimsimamisha mbele, likamwekea mikono. Wazee wa kanisa walitoa gunia la maharage. Mchungaji alimwita daktari wetu, ingawa maabara si udaktari, na Bahati alijaribu kumsahihisha akashindwa.

Sikumwambia mama yake kuhusu matokeo. Nilijiambia kwanza apatikane.

Zikapita kama wiki tatu. Kanisa likatangaza. Watu wakaulizwa Kabingo, wakaulizwa Base Camp, kambi nzima. Hakuna.

Jumamosi moja mchana nikafungua app. Ilikuwa saa yangu kwenye ratiba. App ikagoma, ikasema watu wanaotumia akaunti wamezidi.

Tumwine alikuwa kitandani kwake na laptop, anaangalia keki.

"Tum, umefungua na simu pia?"

"Hapana. Mimi natumia moja."

Tukatazamana. Tumwine akakasirika kwa sababu akaunti ilikuwa kwa jina lake. "Hiyo iko mwizi. Mimi nabadilisha password sasa hivi. Natoa watu yote."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kutoa simu zote. Sijui nini kilinifanya nimwambie asubiri tuone kwanza mwizi anaangalia nini.

Tukafungua profaili ya Bahati.

Alipoondoka alikuwa ameishia episode ya tisa. Sasa ilikuwa ya kumi na nne, na ule mstari mwekundu wa chini ulikuwa katikati. Tukafunga, tukangoja kidogo, tukafungua tena. Mstari umesogea.

Tumwine akafunga keki zake.

"Labda iko hai," akasema. Halafu akaongeza: "Ama iko mtu aliiba simu yake."

Hilo la pili ndilo lililonizuia kumpigia mama. Ningemwambia nini? Mama, mtoto wako yuko hai, au yuko mtu mwingine anayependa wafalme wa Korea?

Kwa hiyo nikawa naangalia profaili ya mwenzangu badala ya kuangalia filamu. Historia yake ilionyesha ameanza wiki ile ile. Episode moja kwa siku; Jumamosi ile ilikuwa saa nane mchana. Maandishi bado ya Kifaransa. Jumapili hakuangalia.

Jumatatu nikapata wazo. Profaili inaruhusu kubadilisha jina. Nikafuta "Bahati", nikaandika: "Uko sawa?"

Jumanne episode ya kumi na sita imeisha. Jina halijaguswa.

Jumatano jioni nikafungua. Jina lilikuwa limebadilishwa. Limeandikwa: "Niko muzima."

Muzima, si mzima. Mwizi wa Mbarara asingeweka ile u.

Tumwine hakuridhika na herufi moja. Akasema Wakongo wako wengi, na wezi hawana kabila. Uliza kitu anajua yeye tu. Nikaandika: "Jina la mwl wa P7?"

Kesho yake jibu lilikuwa: "Remainder."

Mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la saba alikuwa na mke wa pili, kama baki la hesabu ya kugawanya, na watoto wa Kashojwa hawana huruma. Jina hilo halimo kwenye karatasi yoyote duniani.

Nikakaa chini. Tumwine akaniletea chai, akaiweka, akatoka nje.

Siku hiyo hiyo nikaandika "Uko wapi?" Jibu: "Siwezi sema."

Basi nikaenda Kashojwa, maana jambo kama hili huwezi kulisema kwa simu.

Nilimkuta Mama Bahati kwenye meza yake ya ndagala, anapepeta mchanga. Nikamweleza kila kitu, pamoja na matokeo. Nilitumia muda mwingi zaidi kumweleza profaili ni nini kuliko kumweleza kuhusu masomo matatu. Kwenye masomo alitikisa kichwa tu. Kwenye profaili aliniuliza mara tatu.

"Kwa hiyo ni kama mulango," akasema mwisho. "Jina liko ku mulango, na yeye anapita pale kila siku."

"Ndiyo mama."

"Na uliyajua haya tangu lini?"

Nikasema tangu Jumamosi iliyopita, lakini uhakika nimeupata Alhamisi. Alinitazama. Akarudi kupepeta.

Baadaye kidogo akafuta mikono. "Andika. Mwambie mama yake anasema arudi nyumbani hata kama amefanya nini, hakuna mutu amekasirika, na kitanda chake kiko."

"Mama, ni mingi. Haiingii."

"Inabeba maneno ngapi?"

"Machache. Matatu, manne."

Akafikiri. Mteja akaja, akampimia kikopo chake, akamwongezea kidogo juu, mteja akaenda.

"Andika 'mama hajakasirika'."

Nikaanza kuandika. Akanishika mkono.

"Hapana. Akisoma kasirika atasimama pale pale ku kasirika. Andika tu: kuya."

Kuya kwetu ni njoo. Nikaandika "Kuya. Mama." Akaitazama simu, ingawa hasomi vizuri, akasema imetosha.

Jumatatu hakuangalia kitu.

Jumanne hakuangalia kitu. Jina bado "Kuya. Mama."

Jumatano hivyo hivyo. Mama akawa ananipigia mchana, saa za soko. Haulizi. Anasema tu, "Ni mimi." Ninasema bado. Anasema haya. Simu inakatika.

Nikaanza kuamini tumemfukuza. Kamba ilikuwa nyembamba na sisi tumeivuta.

Alhamisi, Tumwine alikuwa darasani, mimi niko maktaba. Sehemu hii naisimulia kama alivyonisimulia yeye.

Wale wenye app hawapendi watu wa nyumba tofauti kutumia akaunti moja. Siku wakishtuka, wanaifungia simu ya mbali na kudai namba ya siri, na hiyo namba wanaituma kwa mwenye akaunti. Ina dakika kumi na tano, ikipita imekufa.

Tumwine akiwa katikati ya lecture, ujumbe ukaingia kwenye simu yake: kuna simu inaomba kuruhusiwa. Namba hii hapa.

Kumbukeni huyu ndiye aliyetaka kutoa watu wote.

Akasimama mstari wa tatu kutoka mbele. Mhadhiri akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu, "Sir, there is somebody at the door," akatoka. Kwenye ngazi akafungua profaili ya Bahati, akafuta "Kuya. Mama", akaandika zile namba mahali pa jina, maana majina huonekana hata kwenye simu iliyofungiwa.

Halafu akangoja. Aliniambia alisali. Kesho yake akasema hakusema hivyo.

Dakika kadhaa zikapita. Jina likabadilika: "Asante Tum."

Tumwine hakuuliza uko wapi kama nilivyouliza mimi kwa upole wangu wa ualimu. Aliandika kama askari, kwa neno la mahali alilolipata kwetu chumbani: "Sema fasi."

Jibu: "Ngarama. Video."

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye ngazi za maktaba. Nikamwambia nitaenda Jumamosi, nitamleta. Akasema, "Tutaenda."

Nikajaribu kumweleza kwamba ni mbali, ni vumbi, Jumamosi ni siku yake ya soko.

"Ndagala zimekauka tayari," akasema. "Hazitaharibika."

Jumamosi tukapanda boda kutoka Kashojwa, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Ngarama iko kuelekea mpaka wa Tanzania, na wako Wakongo wengi upande ule, wamekodi mashamba kwa Wanyankore, wanalima maharage na mahindi. Tulipofika kwenye maduka sikuhitaji kuuliza video iko wapi. Spika lilikuwa linasikika hadi barabarani.

Ni nyumba ya mabati, giza ndani, pazia zito mlangoni. Mama aliteremka, akapiga hatua mbili, akasimama.

Spika lilikuwa linasema: "Ee Mufalme, mimi nimekosa, niuwe. Lakini batoto bangu banakosa nini? Bao hata chumvi hawajaonja leo."

"Ule ni yeye," mama akasema.

Bahati alikuwa mkalimani wa filamu. Wasiozijua video za huku: mtu anakaa pembeni na maiki, sauti ya filamu inapunguzwa, na yeye anawasemea wote, mfalme, malkia, wanajeshi, hata farasi ikibidi. Mwenye ukumbi alikuwa na series ile ile kwenye flash. Mchana Bahati anaiangalia kwanza kwenye simu kwa maandishi ya Kifaransa, aijue vizuri, jioni kabla giza halijaingia anawasemea watu kwa Kiswahili cha Kivu. Wale wa hakimiliki, mwenye ukumbi ndiye wa kuulizwa, mimi nilikwenda kutafuta mtu.

Nilitaka kuingia nimshike shati. Mama akanizuia. Akafungua kitambaa kiunoni, akalipa kiingilio chake, akalipa na changu. Tukakaa benchi la nyuma.

Wakuu, tuliangalia episode nzima.

Bahati alikuwa amekaa chini, anatazama screen, mgongo wake upande wetu. Amekonda. Watu kama arobaini, wakulima, majembe yameegemezwa ukutani. Alikuwa mzuri, lazima niseme. Mkorea anasema neno moja, Bahati anasema sita, na yote sita yana maana. Bibi mmoja mbele yetu alikuwa anamjibu mfalme kwa sauti.

Mama hakutazama screen hata mara moja.

Ilipoisha, mtu akavuta pazia, mwanga ukaingia, watu wakachukua majembe yao. Bahati akawa anakunja waya wa maiki. Akageuka.

Waya ukamwanguka mkononi.

Mama hakuinuka. Bahati akaja mwenyewe, akapiga goti pale chini kwenye maganda ya karanga.

"Mama, nilianguka."

"Nimesikia. Ulipoanguka, mguu ulivunjika?"

"Hapana, mama."

"Mukono?"

"Hapana."

"Basi." Akamshika sikio, si kwa kumvuta, kama mtu anayehakikisha liko. Akalishikilia muda mrefu, na hapo ndipo mama alipolia, hadi mwenye ukumbi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Baadaye mama aliketi nje na soda, mimi na Bahati tukasogea kando. Nilikuwa na hasira niliyokwisha kuipanga, ya wiki tano. Nikamwambia: "Mama yako anangoja Amani miaka yote hii. Wewe ukanunua laini mpya ya kuangalia filamu, ile ya zamani ukaizima."

"Ningeiwasha ningemdanganya," akasema. "Kila siku angeuliza masomo, kila siku ningedanganya. Nilifikiri nikikaa kimya si uongo."

"Na ulifikiri yeye atafikiri nini?"

"Sikufika huko."

Namwamini. Aibu haina macho ya mbali.

Halafu kuna jambo nililotakiwa kulisema mimi, na nikalisema. Usiku wa kabla ya matokeo kubandikwa, Bahati alikuja akasimama kando ya kitanda changu, akasema anataka kuniambia kitu. Nilikuwa naangalia series. Nilitoa earphone moja. Moja tu. Akaitazama ile nyingine iliyobaki sikioni, akasema, "Maliza kwanza." Nilipomaliza alikuwa amegeukia ukutani.

"Unakumbuka?" nikamuuliza.

"Nakumbuka. Ilikuwa inahusu nini, ile uliyokuwa unaangalia?"

Nikajaribu kukumbuka. Polisi, gari, mtu anakimbia. Wakuu, sikukumbuka hata jina la mtu mmoja ndani yake.

Bahati akasema si kitu. Mimi najua ilikuwa kitu.

Bado kulikuwa na kanisa. Bahati alisema yuko tayari kurudi nyumbani, ila kanisani hataweza, wale waliomwekea mikono. Mama hakubishana naye. Tukarudi naye Kashojwa usiku ule, mama akamwacha alale.

Jumapili, wakati wa matangazo, mama akaenda mbele peke yake. Bahati alikuwa nyumbani, mimi nilikuwepo.

Akasema: "Bahati amepatikana. Muliomba, Mungu amesikia. Alianguka masomo tatu, anarudia mwaka. Si daktari, ni wa maabara. Sasa mumejua wote, kwa hiyo mutu asimuulize."

Akarudi kukaa. Kiongozi wa kwaya alisimama akiwa hajui wimbo gani unafaa, mwishowe wakaimba wa shukrani. Ulianza chini sana, lakini walifika nao.

Jumapili iliyofuata Bahati alikuja. Walimsalimia, hawakumuuliza. Mzee mmoja tu alimwambia kwamba yeye alirudia darasa la nne mara mbili, na kama kungekuwa na la tatu angeendelea.

Bahati aliandika barua chuoni, akaruhusiwa kurudia. Sasa yuko mwaka wa pili nami niko wa tatu. Likizo anakwenda Ngarama kusemea filamu, na hiyo ndiyo inamsaidia vitabu. Amesoma uzi huu kabla sijaupandisha. Ameondoa sehemu mbili na kunirekebishia Kiswahili.

Nilichojifunza si kikubwa. Mwenzako akisema ana jambo, toa earphone zote mbili. Filamu ina kitufe cha kusimamisha, mtu hana. Na ukiona mgeni kwenye akaunti yenu, kabla hujamtoa angalia kwanza ni nani.

Kuna kimoja bado kinanisumbua, nawaachia nyinyi. Tangu ile Jumamosi nilipoona mstari unasogea hadi nilipopata uhakika, zilipita siku tano ambazo nilikuwa na tumaini mfukoni na mama yake hakuwa nalo. Nilisema nangoja nisimpe la uongo. Mama hajawahi kunilaumu, lakini hajawahi kusema nilifanya vizuri.

Ungekuwa wewe, ungempigia siku ile ile?

Semeni kwa uwazi, hata kama ni kunisuta. Maji yakirudi nitaoga kwanza, kisha nitawasoma.